Mbu Naye Ana Minyoo

Mazungumzo mbele ya wahitimu wa kisomo



Leo nimeombwa nizungumze nanyi juu ya minyoo. Najua mmezoea habari za minyoo. Mmesikia habari za safura, za tegu, na za minyoo wa tumboni wanaowasumbua watoto. Lakini minyoo wa leo ni wengine. Hawa wanakaa ndani ya mbu.

Ndiyo, ndugu zangu. Mbu naye ana minyoo. Yule mdudu mdogo anayetunyima usingizi naye ana mgeni ndani ya mwili wake. Nitawaeleza habari za minyoo wa aina mbili. Wa kwanza anamtumia mbu ili atufikie sisi. Huyo ndiye anayeleta matende na mabusha. Wa pili anamuua mbu angali mtoto majini. Huyo anatusaidia, ingawa mwenyewe hana habari kwamba anatusaidia.

Mtu asiyejua tofauti ya hawa wawili atawaogopa wote, au atawadharau wote. Na wazee walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Watu wa pwani wanaielewa sana methali hiyo, maana tende la mguu wameliona kwa macho yao.

KWANZA TUMFAHAMU MBU

Huwezi kuelewa habari za minyoo hawa kama huelewi maisha ya mbu. Mbu hupitia hatua nne.

Kwanza ni yai. Mbu jike hutaga mayai juu ya maji, au mahali penye unyevu patakapojaa maji baadaye.

Pili, yai huanguliwa, akatoka kiluwiluwi. Simsemi kiluwiluwi wa chura, yule mwenye kichwa kikubwa na mkia. Namsema kiluwiluwi wa mbu, yule mdudu mwembamba anayejinyonganyonga ndani ya mtungi usiofunikwa.

Tatu, kiluwiluwi hugeuka umbo. Mwili hujikunja, kichwa kikawa kikubwa, mkia ukaelekea chini. Hebu tazameni alama ya mkato katika vitabu vyenu. Ndivyo alivyo. Wakati huu hali chakula chochote.

Nne, ngozi yake hupasuka, akatoka mbu mwenye mabawa, akaruka.

Katika maji yenye joto, mambo hayo yote huweza kumalizika kwa siku 8 hadi 12 hivi. Basi dimbwi lililojaa wiki hii linaweza kutoa mbu kabla wiki ijayo haijaisha, au siku chache baadaye.

Mbu anayeuma ni jike tu. Anataka damu ili mayai yake yakomae. Dume hunyonya utamu wa maua, wala hana haja na wewe.

Shikeni jambo moja hapa. Mbu akiwa majini hana pa kukimbilia. Amefungiwa ndani ya dimbwi lake. Akishapata mabawa ataingia nyumba yoyote aitakayo. Samaki mkunje angali mbichi.

MNYOO WA KWANZA: MSAFIRI

Sasa tumtazame mnyoo wa matende.

Mnyoo huyu akikomaa hukaa ndani ya mwili wa mtu, katika mishipa myembamba inayopitisha majimaji ya mwili. Si mishipa ya damu. Madaktari huyaita majimaji hayo limfu. Mnyoo jike ana urefu wa sentimita 8 hadi 10, naye ni mwembamba kama uzi. Dume ni mfupi zaidi, kama sentimita 4. Wanaweza kuishi humo miaka 6 hadi 8. Kwa muda huo jike huzaa watoto kwa mamilioni. Watoto hao ni wadogo mno, hawaonekani kwa macho matupu.

Watoto hao huingia katika damu. Na hapa pana ajabu. Katika nchi zetu, mchana hukaa ndani ndani, hasa katika mishipa ya mapafu. Usiku watu wanapolala, kuanzia kama saa 4 mpaka saa 8, hujitokeza kwa wingi katika damu iliyo karibu na ngozi. Kwa nini usiku? Kwa sababu mbu wanaowabeba huuma usiku. Ndiyo maana wapimaji wa matende walikuwa wakipita vijijini usiku kuchukua damu.

Mbu akimuuma mgonjwa, hunyonya damu pamoja na watoto wa mnyoo. Wakifika tumboni mwa mbu, huvua gamba lao. Kisha hutoboa utumbo, wakaenda kifuani, kwenye misuli ya mabawa. Hapo hukaa na kukua. Hujivua ngozi mara mbili. Baada ya siku 10 hadi 14 hivi wanakuwa tayari. Ndipo huondoka kifuani, wakaja mpaka kwenye mdomo wa mbu. Siku mbu huyo atakapomuuma mtu mwingine, minyoo huteremka kwenye ngozi na kuingia kwa kupitia lile tundu dogo lililoachwa na mdomo wa mbu.

Aliyegundua kwamba mnyoo huyu hukulia ndani ya mbu ni daktari Patrick Manson, mwaka 1877, huko Amoy nchini China. Aliwachukua mbu walionyonya damu ya mtu mwenye minyoo, akawapasua, akatazama kwa darubini. Akawaona minyoo wanakua. Habari ya mbu na malaria ilikuwa bado. Hiyo ilikuja kugunduliwa miaka 20 baadaye, mwaka 1897, kwa kazi ya daktari Ronald Ross huko India.

Kuumwa na mbu mmoja mara moja hakutoshi kuleta tende. Kwa kawaida mtu huumwa na mbu wengi wenye minyoo, miezi mingi na hata miaka. Minyoo hujaa kidogo kidogo, mishipa ya limfu huharibika, maji ya mwili hukosa njia. Ndipo mguu huvimba, au mfuko wa korodani hujaa maji. Mguu unapovimba, mara nyingi mtu amekwisha sahau hao mbu waliomuuma zamani. Hapo ndipo watu husema amerogwa. Wengine husema amekunywa madafu mengi. Ndugu zangu, si uchawi wala si madafu. Ni mnyoo, na alikuja amepanda mbu.

MNYOO WA PILI: MKAAJI WA DIMBWINI

Sasa tuondoke ndani ya mwili wa mtu, twende dimbwini. Mnyoo wa pili hana shughuli na mtu hata kidogo. Wataalamu humwita romanomemisi. Jina hilo ni refu, basi sisi tumwite mnyoo wa dimbwini.

Maisha yake huanzia chini, kwenye tope au mchanga wa dimbwi. Hapo ndipo yalipo mayai yake. Yai likianguliwa hutoka mnyoo mdogo sana, mwenye urefu wa kama milimita 1, mwembamba kuliko unywele. Anaogelea kwenda juu. Kwa nini juu? Kwa sababu viluwiluwi wa mbu huja juu kuvuta hewa. Anawafuata pale pale wanapopumua.

Mnyoo huyu mdogo hana muda wa kupoteza. Hali kitu chochote. Anaishi kwa akiba ya mafuta aliyotoka nayo ndani ya yai. Akikosa kiluwiluwi kwa siku mbili tatu hivi, anakufa.

Akimpata, anamng'ang'ania. Mdomoni ana kitu kama sindano. Kwa sindano hiyo anatoboa ngozi ya kiluwiluwi, akapenya ndani. Viluwiluwi wachanga ndio rahisi zaidi kuingiwa, kwa kuwa ngozi yao ni laini.

Akiwa ndani, mnyoo hatafuni. Analala katika majimaji ya mwili wa kiluwiluwi na kufyonza chakula kwa ngozi yake yote, kama kitambaa kinavyofyonza maji. Kiluwiluwi anaendelea kula na kuogelea, lakini chakula kinamnufaisha mgeni. Kila siku mnyoo anakua. Maji yakiwa ya joto, baada ya siku 7 hadi 10 hivi yule mnyoo wa milimita 1 amefikia sentimita 1 au zaidi. Ukimtazama kiluwiluwi huyo kwa kioo cha kukuza, unaweza kumwona mnyoo ndani yake amejikunja kama kamba ndani ya kikapu.

Mwisho mnyoo hutoboa ngozi na kutoka nje. Kiluwiluwi hufa. Hakufika hatua ile ya alama ya mkato, wala hakupata mabawa, wala hakumuuma mtu.

Mnyoo akishatoka huzama mpaka chini. Hali tena maisha yake yote. Baada ya siku kadhaa hujivua ngozi, akawa mnyoo mzima. Madume na majike hukutana hapo chini, majike hutaga mayai mengi, na kazi huanza upya. Dimbwi likikauka, mayai yaliyo katika udongo wenye unyevu yanaweza kungoja mvua.

Liko jambo jingine litakalowafurahisha wakulima. Mnyoo mmoja akiingia peke yake ndani ya kiluwiluwi, chakula kinamtosha, naye kwa kawaida huwa jike. Wakiingia wengi wakagombania chakula, wengi wao huwa madume. Wakizidi mno, kiluwiluwi hufa kabla ya wakati, na minyoo nao hufa humo humo. Ni kama kupanda mbegu nyingi za mahindi katika shimo moja. Mashina utayaona, lakini mavuno hupati.

KWA NINI MMOJA ANAUA NA MWINGINE HAUI?

Hapa ndipo penye somo la leo. Minyoo wote wawili wanaingia ndani ya mbu. Wote wanakula mali yake. Mbona mmoja anamwacha hai na mwingine anamuua?

Jibu ni safari. Mnyoo wa matende ana safari. Anataka kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mtu mwingine, naye hana mabawa. Mabawa yake ni ya mbu. Mbu akifa njiani, mnyoo naye amekwisha. Abiria hatoboi mtumbwi akiwa katikati ya ziwa. Kweli, minyoo wakiwa wengi mno mbu hudhoofika na hata kufa, lakini hiyo ni hasara kwa minyoo wenyewe.

Mnyoo wa dimbwini hana safari. Alizaliwa dimbwini, atakula dimbwini, atataga mayai dimbwini. Mbu kwake si mtumbwi. Mbu kwake ni ghala la chakula. Ghala likiisha analivunja na kutoka.

Sasa tazameni matokeo yake kwetu sisi. Mnyoo anayetudhuru anasafiri mwenyewe, bure, usiku, nyumba kwa nyumba. Mnyoo anayetusaidia hasafiri. Atakaa katika dimbwi lake mpaka mtu amchukue kwa mkono na kumpeleka dimbwi jingine. Adui ana mabawa, rafiki hana hata miguu. Ndiyo sababu hatuwezi kukaa kitako tukingoja rafiki huyu atuokoe.

WATAALAMU WAMEMJARIBU

Mnyoo wa dimbwini na ndugu zake wanajulikana siku nyingi. Huko Bengal, India, mtaalamu Iyengar aliwaona ndani ya viluwiluwi wa mbu wa malaria katika miaka ya 1920. Aina moja ya mnyoo huyu inaitwa kwa jina lake. Katika miaka ya 1940, mtaalamu Muspratt aliwaona minyoo wa jamii hiyo karibu na Livingstone, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Waliwaua viluwiluwi waliokuwa katika maji ya mvua ndani ya mashimo ya miti. Kwa hiyo si mnyoo wa Ulaya. Afrika nayo inao wake.

Baadaye huko Marekani, katika mji wa Lake Charles, jimbo la Louisiana, wataalamu walijifunza kumfuga. Kumfuga mnyoo? Ndiyo. Waliwalea viluwiluwi wengi katika sinia za maji, wakawatilia minyoo wadogo. Minyoo walipotoka waliwekwa katika mchanga wenye unyevu, wakataga mayai humo. Mchanga ukahifadhiwa wiki kadhaa. Walipotaka minyoo, waliumwagia mchanga maji, na minyoo wadogo wakatoka kwa maelfu.

Katika miaka ya 1970 minyoo hao walipelekwa El Salvador, nchi ndogo ya Amerika ya Kati. Walimwagwa katika kingo za ziwa Apastepeque, walimozaliana mbu wa malaria. Kazi ilirudiwa mara nyingi kwa muda wa wiki kadhaa. Viluwiluwi walipungua kiasi kwamba penye 17 alibaki kama mmoja. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa.

Afrika Magharibi nako wamejaribu. Mwaka 2012 wataalamu wa Benin walitangaza matokeo ya kazi yao. Walitumia ile aina yenye jina la Iyengar katika madimbwi ya asili. Viluwiluwi wa mbu wa malaria walipungua sana.

MBONA HATUMWONI DUKANI?

Nasikia mtu anasema: kama ni mzuri hivyo, mbona hatuuziwi? Swali hilo ni la haki.

Mwaka 1976 huko Marekani minyoo hawa walianza kuuzwa. Lakini mnyoo ni kitu chenye uhai. Mayai yaliharibika njiani na stoo. Mnunuzi alipoyatia majini hayakufanya kazi kama alivyoahidiwa. Biashara ikafa.

Mwaka huo huo, katika jangwa la Negev huko Israel, iligunduliwa bakteria inayowaua viluwiluwi wanapoila. Bakteria hiyo inaweza kukaushwa, kutiwa katika chombo na kusafirishwa mbali. Kwa sababu hiyo wengi waliichagua badala ya mnyoo. Hapa Tanzania kiwanda cha kutengeneza dawa ya namna hiyo kilizinduliwa Kibaha mwaka 2015, kwa ushirikiano na Cuba. Mkisikia dawa ya kuua viluwiluwi ya Kibaha, jueni kwamba hiyo ni ya bakteria. Si mnyoo.

Tena mnyoo wa dimbwini anachagua maji. Maji ya chumvi ya mikokoni yanamshinda. Maji machafu ya chooni yanamshinda. Maji yanayokwenda kasi yanamchukua. Maji ya baridi yanamfanya mvivu. Anataka maji matulivu, yenye joto, yasiyo machafu mno, yanayokaa muda wa kutosha. Akiyapata, na akitiwa kwa wingi, anafanya kazi. Asipoyapata, ni kazi bure.

Na pale alipofaulu, hakushinda vita peke yake. El Salvador ilithibitishwa kuwa haina malaria mwaka 2021. Hiyo ilikuwa miaka zaidi ya 40 baada ya majaribio ya ziwani. Ushindi ulitokana na kazi ya watu ya miaka mingi: kupima damu, kutibu kila mgonjwa, kupiga vita mbu, na kutoacha.

CHOO NACHO NI DIMBWI

Sasa tuchukue mfano wa hapa karibu. Makunduchi, kusini mwa Unguja, kulikuwa na matende mengi. Watu karibu nusu walikuwa na watoto wa mnyoo katika damu. Mbu waliowabeba ni wale waitwao kuleksi, wanaozaliana katika vyoo vya shimo vyenye maji. Katika maji ya namna hiyo mnyoo wa dimbwini hafai.

Je, watu walikata tamaa? Hapana. Mwaka 1988 walitumia njia mbili pamoja. Watu walipewa dawa ya kuua minyoo mwilini. Na vyooni zilimwagwa punje nyepesi za plastiki nyeupe zinazoelea. Punje hizo hufunika maji yote kama blanketi. Mbu hapati mahali pa kutaga, na kiluwiluwi akija juu hapati hewa, anakufa. Mbu walipungua sana, na miaka iliyofuata watu wenye minyoo katika damu wakawa wachache sana.

Mnaona? Hakuna aliyengoja dawa moja ya miujiza. Walitazama maji yao, wakajua ni maji gani, wakachagua njia inayoyafaa.

NAJUA MTANIULIZA

Je, nikinywa maji yenye mnyoo wa dimbwini, ataniingia? Hapana. Mnyoo huyu haishi ndani ya mtu, wala ng'ombe, wala mbuzi, wala kuku, wala samaki. Wataalamu walilichunguza jambo hilo kabla ya kumruhusu. Lakini maji ya dimbwi yasinywewe bila kuchemshwa, kwa sababu ya vijidudu vingine.

Je, nikiona kiluwiluwi mwenye mnyoo ndani, nifanye nini? Mwache pale pale. Anafanya kazi yake.

Je, mbu wa malaria naye hubeba mnyoo wa matende? Ndiyo. Vijijini mwetu anofelesi hubeba yote mawili. Penye vyoo vya maji na mitaro michafu, kuleksi ndiye mbebaji mkubwa wa matende. Kwa hiyo chandarua kimoja chenye dawa kinakukinga na magonjwa mawili.

Je, mwenye matende anaambukiza kwa kukaa naye? Hapana. Kaeni naye, kuleni naye. Mguu wenye tende uoshwe kila siku kwa maji safi na sabuni, ukaushwe vizuri, uinuliwe anapopumzika. Mwenye busha aende hospitali. Busha hutibiwa kwa kupasuliwa. Asione haya. Haya haziponyi.

Je, matende yanaweza kwisha kabisa? Ndiyo. Togo ilithibitishwa mwaka 2017. Jirani zetu wa Malawi walithibitishwa mwaka 2020. Hapa Tanzania mpango wa kugawa dawa ulianza kisiwani Mafia mwaka 2000. Pale wilaya inapotangaza siku ya kumeza dawa za matende, mezeni, hata kama hujisikii mgonjwa. Minyoo wanaweza kuwa katika damu yako miaka mingi kabla mguu haujavimba.

KAZI YETU

Ndugu wahitimu, ninyi sasa mnajua kusoma na kuandika. Nawaombeni mtumie kalamu zenu kwa kazi hii. Kila kikundi kichukue daftari. Zungukeni kijiji kizima na kuandika maji yote yaliyosimama. Yagaweni katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni maji yasiyo na kazi. Haya ni makopo, vifuu, matairi, mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali, maji yaliyotuama karibu na bomba. Haya tuyamwage na kuyafukia sasa hivi. Hayahitaji mtaalamu, yanahitaji jembe.

Fungu la pili ni maji ya matumizi. Mitungi, mapipa, matangi na visima. Haya yafunikwe vizuri. Mitungi na mapipa yasafishwe kila wiki, kabla kiluwiluwi hajapata mabawa.

Fungu la tatu ni maji tusiyoweza kuyaondoa. Mashamba ya mpunga, malambo, mabwawa na vyoo vyenye maji. Haya yaandikwe vizuri: yako wapi, ni makubwa kiasi gani, yanakauka mwezi gani, ni ya chumvi au baridi ya kunywa. Karatasi hiyo ipelekwe kwa bwana afya au bibi afya. Bakteria, punje za plastiki au mnyoo wa dimbwini, vyote vinahitaji habari hizo. Bila habari hizo mtaalamu anafanya kazi gizani.

Ndugu zangu, mnyoo wa matende anahitaji mambo mawili tu ili aendelee kuishi: mtu wa kumlea na mbu wa kumbeba. Mbu naye anahitaji maji ya kuzaliwa. Maji hayo yako hapa kijijini, mengine nyuma ya nyumba zetu wenyewe. Nawaomba tuanze kuyahesabu Jumamosi hii.



MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mbu hupitia hatua ngapi? Zitajeni.

2. Kwa nini mnyoo wa matende hamuui mbu, na mnyoo wa dimbwini anamuua?

3. Katika kijiji chenu, maji yapi yangemfaa mnyoo wa dimbwini, na yapi yangemshinda?

4. Watu wa Makunduchi walitumia njia mbili pamoja. Ni zipi? Kwa nini njia moja isingetosha?